Tulivyokwenda Masira Kufuata Kichwa cha Kulengea

Tangu nirudi, kila anayepanda gari yangu jambo la kwanza anauliza kioo cha ndani kimekwenda wapi. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Khamis anataka kisa cha mbuzi, Zuwena mke wangu anasema nisimulie yote ila nisijifanye shujaa, na waliobaki mnataka kujua tu kama mashine ilifanya kazi au haikufanya. Basi nimeandika. Someni mkiwa mmekaa, maana mimi safari nzima sikukaa.

Ghala

Wengi wenu mmeshafika karakana yetu ya Ghala, hapa Maskati, baina ya mtu wa matairi na mtu wa kupiga rangi magari, mkanywa chai na mkauliza kwa adabu takataka hizi ni za nini. Ni vyombo vya ndege za vita za zamani: saa za kupimia urefu, dira, swichi za kufungulia mabomu, na kompyuta. Nikisema kompyuta watu hutafuta skrini. Zetu hazina skrini. Ni masanduku yaliyojaa magurudumu ya meno, na meno hayo ndiyo yanayopiga hesabu. Ndege inakwenda kasi gani, iko juu kiasi gani, upepo unatoka wapi. Meno yanazunguka, na jibu linatoka upande wa pili: bomu liachiwe wapi.

Jibu linapita kwenye waya mbili za kuzunguka, za namna ya waya wa spidomita wa gari za zamani, mpaka kwenye chombo cha pili kinachoitwa kichwa. Kichwa kina kioo kilicholala mshazari, na ndani ya kioo unaonekana msalaba wa mwanga. Mlengaji anatazama ardhi kupitia kioo. Msalaba ukifika kwenye shabaha, anabonyeza. Sisi sanduku tulikuwa nalo, kichwa hatukuwa nacho.

Nikisema sisi, ni mimi na Mutua. Mutua ni Mkamba wa Machakos, fundi wa lifti, na ukipanda lifti ya hoteli yoyote kubwa hapa basi huenda mkono wake umepita. Mimi nimestaafu wizarani. Sanduku nililiokota kwenye vyuma chakavu, limeganda kwa kutu, halina hata jino moja linalosogea. Kwa miaka, kila Ijumaa, mimi nikitoka msikitini na yeye akitoka kanisani, maana huku hata makanisa husali Ijumaa, tulikutana Ghala tukalifungua. Tuligombana juu ya kila skrubu. Mara mbili alivua aproni akaondoka, na mara zote mbili Ijumaa iliyofuata alikuja akaivaa tena bila kusema neno.

Mwezi uliopita akaniambia mkataba wake umekwisha na anarudi kwao moja kwa moja. Alisema huku anafuta grisi mikononi. Ndege ni Jumapili, usiku unapoingia. Nikamjibu "Kheri, inshallah," nikaenda kupanga bisibisi zilizokuwa zimeshapangwa. Nilitaka kitu kimoja tu: tulione sanduku letu linahesabu, sote wawili, kabla hajaondoka. Kuliona baadaye peke yangu sikukutaka hata kidogo.

Hapo ndipo Khamis aliponitumia picha ya wali. Mnakumbuka alikwama kwenye mchanga kisiwani Masira, akavutwa na mtu anayeitwa Hamud, akapelekwa nyumbani akalishwa. Akatupigia picha sinia ili tuone wivu. Mimi sikuona wali. Nyuma ya sinia, kwenye dirisha la jiko, kimekaa kichwa cha kulengea, kizima, na kioo chake. Masira Waingereza walikuwa na uwanja wa ndege zama hizo, na walipofunga virago si kila kitu kilifungwa.

Nilimwonyesha Mutua. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akasema, "Mzee, hiyo ni yetu."

Khamis alitaka kumpigia Hamud amweleze shida yetu. Nilimkatalia katakata. Anayekusanya vitu vya zamani ana adabu zake, na ya kwanza ni kwamba mwenye kitu asijue unakitaka, kwa sababu akijua tu, kitu ambacho jana kilikuwa kinazibia mlango leo kinakuwa urithi wa babu. Tutakwenda kama wageni, nikasema. Tutakunywa kahawa. Tutasifia kitu kingine kabisa. Mwisho mwisho, tukiwa tunavaa viatu, ndiyo tutauliza.

"Si tuseme tu ukweli?" Mutua akauliza.

"Wewe tengeneza lifti."

Mpaka Sinaw

Alkhamisi baada ya alfajiri nilikuwa tayari niko mbele ya nyumba yangu ya Ansab, injini inawaka, Mutua hajafika. Wenzake wanaokaa naye walikuwa wameamka kumuaga, ingawa safari yenyewe ya kuagwa ilikuwa bado. Nikapiga honi, Zuwena akatoka kunigombeza. Alitubebesha mkate wa kumimina na chupa ya chai, akaniinamia dirishani.

"Nassor, mi nnakujua. Ukifika kwa watu, ukae. Usisimame-simame kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme."

Nikamwambia nimesikia. Mutua alifika anacheka, amebeba mfuko wa zana mkubwa kuliko mfuko wa nguo, na kabla hatujamaliza milima alishalala. Mtu huyu analala kwenye gari kwa amani ambayo inaniudhi. Mimi nilipiga vidole kwenye usukani, nikabadilisha stesheni za redio, nikamtazama, nikazima redio, nikaiwasha. Kila gari iliyokuwa mbele yangu niliiona imetumwa kunichelewesha.

Sinaw tulifika soko la Alkhamisi likiwa limefurika. Pikapu zimeziba njia pande zote, kila moja ina mbuzi nyuma. Nikashuka kutafuta njia ya kupita, na hapo mzee mmoja akanitia kamba mkononi. "Nishikie kidogo," akasema, akapotea. Mwisho wa kamba kulikuwa na beberu. Ningemwachia angekimbia, na sikuwa na pa kumfunga. Watu wakaanza kuja. Wakambinya mbavu, wakamfungua mdomo kutazama meno, wakaniuliza bei. Nikisema si wangu, wanacheka, wanadhani ni ujanja wa kupandisha. Mmoja alinikasirikia, akasema watu wa Maskati hamna msimamo. Nilimwona Mutua ng'ambo ya pili, ameketi kwenye kiti cha plastiki na mishkaki, ananipiga picha.

Mzee alirudi kwa raha zake, ameshakunywa kahawa yake. Alinishukuru, akaniuliza kwa nini nimekataa bei nzuri.

Shanna

Baada ya Sinaw nchi inalala chini na haisimami tena. Hakuna mti wa maana, hakuna kona, ni barabara na mchanga na ngamia anayefikiria kama avuke au asivuke. Nilikwenda kasi, kisha nikakumbuka kamera, nikapunguza, kisha nikasahau. Tulifika gati ya Shanna tukaiona feri ya Masira imeshatugeuzia mkia. Ile iliyofuata ilikuwa inangoja upepo utulie.

Tukakaa kwenye foleni ya magari. Au tuseme Mutua alikaa. Mimi nilizunguka gari, nikapiga teke matairi, nikamuuliza mtu wa kamba upepo utatulia saa ngapi, akaniambia muulize upepo.

Mutua alikuwa anakula mkate wa kumimina na kunieleza mipango. Nairobi wanajenga kwenda juu siku hizi, lifti hazitakosa. Mtoto wake wa mwisho alipozaliwa yeye alikuwa hapa, sasa ana ndevu. Anataka kukaa nao, basi, anataka watu wake wamzoee kabla hajazeeka. Alisema yote hayo kwa furaha, na mimi nilifurahi kwa ajili yake, wallahi nilifurahi.

Halafu akaniuliza, "Na wewe Mzee, Ijumaa utakuwa unafanya nini?"

Nikamwambia tairi la nyuma naliona limepungua upepo, nikashuka kulitazama. Lilikuwa zima.

Masira: mbuzi

Hamud alitupokea mlangoni kama watu aliokuwa akiwangoja. Ni mtu wa makamo, mpana, sauti kubwa, na kila neno alilosema kwa Kiarabu cha kule nililielewa mimi na Mutua akaelewa nusu, maana Kiarabu chake amekijifunzia kwenye mashimo ya lifti, na huko hawasemi maneno ya majilisi ya wageni. Tukakaa chini. Zikaja tende, ikaja kahawa, na zikaanza khabari. Khabari za njiani, khabari za mvua, khabari za Khamis na gari yake, khabari za afya za watu ambao mimi na yeye hatuwajui. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Kwenye dirisha lake nikakiona.

Rangi nyeusi imebanduka pembeni, lakini kioo kizima, na zile tundu mbili za waya ziko mahali pake. Nikakumbuka kanuni yangu mwenyewe. Nikageuza uso upande wa pili kabisa, uani, na kitu cha kwanza macho yangu yalichoangukia nikakisifia kwa nguvu zote.

"Mashallah, mashallah! Mbuzi gani huyu! Mweupe namna hii, na masikio meusi!"

Hamud hakufikiri hata kidogo. "Wako," akasema.

Nikasema hapana. Akasema ni wako. Nikaapa kwamba hapana, akaapa kwamba ni wangu, na kiapo chake kilikuwa kikubwa kuliko changu. Kwa watu wa kule ukisifia kitu cha mtu namna ile, mbele yake, umeshamwomba, na mwungwana haombwi akanyima. Nililijua hilo. Nimelijua tangu utoto, baba yangu alikuwa akinifinya nikisifia viatu vya wenzangu. Lakini kwa miaka nimezoea madukani na karakanani, ambako ukisifia saa ya mtu anakuambia alikonunulia.

Na ubaya haukuwa mbuzi. Ubaya ni kwamba mgeni akishapewa, mdomo wake umefungwa. Ningewezaje sasa, na kamba ya mbuzi mkononi, nigeuke niseme, na kile cha dirishani nacho nakitaka? Ningeonekana nimekuja kuhamisha nyumba. Tukanywa kahawa, tukashukuru, tukavaa viatu, tukatoka na mbuzi.

Mutua alingoja mpaka tukafika garini. "Mzee," akasema, "hiyo plani yako imezaa matunda. Sasa kichwa tunacho. Ina pembe."

Nilimjibu vibaya, sitayaandika hapa. Mbuzi alipanda nyuma akaanza kula kamba ya mfuko wa zana. Zuwena akapiga simu wakati huohuo.

"Nassor, mbona nnasikia mbuzi?"

"Tuko shamba," nikasema.

"Shamba gani Masira?"

Masira: msalaba wa jikoni

Ijumaa Hamud alituona msikitini, maana yake aliniona mimi ndani na Mutua nje akimlisha mbuzi kivulini, akatukamata sote kwa chakula cha mchana. Wali, samaki, na papa mkavu aliyepondwa kwa ndimu na pilipili. Nilikula nikitazama ukuta. Nilikuwa nimeshajiambia basi, imekwisha, turudi na mbuzi wetu.

Mutua akaweka chini kijiko chake. Akafuta mkono, akaonyesha jikoni kwa kidole, waziwazi kabisa, akasema kwa Kiarabu chake cha kwenye lifti, "Ndugu, ile chuma. Mimi na huyu mzee tuna nusu yake. Mimi Jumapili nakwenda nchi yangu, khalas, sirudi. Mimi nataka kuona inafanya kazi. Mara moja tu."

Mimi nilitaka sakafu ipasuke. Hamud alimtazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka hadi akakohoa.

"Kwa hiyo ndilo mlilolijia? Ndugu yangu Nassor, jana ulikaa hapa na macho yanakutoka, nikadhani tumbo linakuuma. Kwa nini hukusema?"

Nikatia tonge kubwa mdomoni.

"Lakini si changu," akaendelea. "Ni cha mama."

Mama yake alikuwa jikoni, anatusikia kila neno. Bi mkubwa mwembamba, barakoa ya wanawake wa kule usoni, sauti ya mtu asiyerudia jambo mara mbili. Alitwambia tuje mlangoni tutazame. Kichwa kiliwekwa dirishani na marehemu mumewe, aliyefanya kazi za mikono kule kambini kwa Waingereza. Jua likiingia dirishani linapiga kioo, na kioo kinatupa doa la mwanga ukutani. Doa linatembea. Na ukutani bi mkubwa mwenyewe amechora mstari wa mkaa. Doa likigusa mstari, jua limefika kati, bi mkubwa anatia mchele, na watu wakirudi kutoka msikitini wali uko tayari.

"Simu pia inaadhini, mama," Hamud akasema.

"Simu inakufa chaji. Jua linakufa chaji?"

Akatuuliza chombo hiki kwa asili kilikuwa cha nini. Nikamwambia ukweli, maana nilikuwa nimeshachoka na ujanja. Nikasema kilikuwa cha kulengea mabomu kutoka kwenye ndege. Akakitazama kama mtu anayemtazama mtumishi wake wa zamani baada ya kusikia alikotoka.

"Na nyinyi mnataka kukirudisha kwenye kazi ile?"

Nikamfasiria Mutua. Akasema, "Mwambie mama, sisi tunataka ipige hesabu tu. Cha kuangusha hatuna."

Bi mkubwa alifikiri. Kisha akasema tutakichukua kikafanye hesabu zake, lakini dirisha lake halitabaki tupu. Tumletee kitu kinachotupa doa palepale, wakati uleule. Tukiweza, kichwa chetu. Tusipoweza, tumeshakula, twende salama.

Tulikwenda Hilf, mji wa kisiwa, kutafuta kioo. Vioo vya dukani vilikuwa vya kunyolea, na miguu ya plastiki. Ukikiinamisha leo, kesho kimekaa kinavyotaka. Mutua alivijaribu vyote, akatikisa kichwa. Tukarudi garini, nikakaa, na wote wawili tukakitazama kioo cha ndani kwa wakati mmoja. Kina kifundo cha mpira. Ukikielekeza mahali, kinabaki hapo.

"Hapana," nikasema.

Mutua alikuwa ameshatoa bisibisi.

Jumamosi, jua kati

Kulikuwa na tatizo moja ambalo nililijua kabla Mutua hajalisema: kioo hakiwezi kuelekezwa mpaka jua lenyewe lifike kati. Adhuhuri ya Ijumaa ilikuwa imeshapita. Ikabidi tungoje Jumamosi adhuhuri, wakati feri ya asubuhi inaondoka bila sisi na Jumapili inakuja mbio. Nilizunguka ule ua mpaka bi mkubwa akamuuliza Hamud kama mimi ni mgonjwa.

Mutua alikifunga kioo kwenye kipande cha ubao, ubao akaupigilia kwenye kizingiti cha dirisha, pembeni ya kichwa. Halafu tukakaa jikoni, sote wanne, tunatazama ukuta. Madoa yalikuwa mawili sasa: la kichwa, lililokuwa linaujua mstari wake, na la kioo changu, lililokuwa linazurura karibu na sufuria. Doa la kichwa lilibakisha upana wa mkono kufika kwenye mkaa. Na hapo wingu likaja.

Masira mawingu si mengi. Hili lilikuja peke yake, dogo, likakaa juu ya jua. Ukuta ukawa ukuta. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nikahesabu kimoyomoyo namna doa linavyotembea huku halionekani, na namna tutakavyolazimika kukaa mpaka Jumapili, na ndege itakavyopaa Maskati na kiti kimoja kitupu, na mke wa Mutua anavyongoja. Nilimwambia Mutua twende zetu. Nilimwambia kwa nguvu. Nilisema sitaki akose ndege kwa ajili ya mavyuma.

"Kaa, Mzee," akasema. Hakugeuka hata kidogo. Mkono wake ulikuwa kwenye kioo.

Nikakaa. Wingu likaondoka. Doa la kichwa lilikuwa juu ya mstari hasa.

"Sasa!" bi mkubwa akapaza sauti. "Juu. Juu zaidi. Rudi. Kushoto kwangu, si kushoto kwako! Hapo. Hapo! Usiguse!"

Madoa mawili yakawa moja. Mutua akakaza kifundo. Bi mkubwa akamsukuma pembeni, akatia mchele, na ndiyo ikawa dalili kwamba tumefaulu, maana hakusema neno jingine. Baadaye, Hamud alipokuwa anakifunga kichwa kwenye blanketi, mama yake alikigusa kidogo juu.

"Kwangu kilipata kazi ya halali," akasema. "Msikipe nyingine."

Kurudi

Upepo uliturudisha nyuma tena, feri ilivuka jua likizama, tukalala Mahut kwenye chumba chenye kiyoyozi kilicholia kuliko mbuzi. Jumapili nikaendesha bila kioo. Mtu mwenye haraka asiyeweza kutazama nyuma ni hatari kwa kila mtu, kwa hiyo Mutua alikuwa anageuka kila baada ya muda na kunisomea barabara: "Lori. Lori bado. Lori imechoka." Safari hii hakulala.

Sinaw wakatusimamisha watu watatu kutaka kumnunua mbuzi. Wa tatu alikuwa yuleyule aliyenigombeza Alkhamisi. Nikamwambia huyu ni zawadi hauzwi. Aliondoka akisema maneno kuhusu watu wa Maskati.

Milima ilipoanza kuonekana Mutua alisema, "Hii barabara sitaiona tena," halafu akasema, "Lori." Nilitaka kumwambia kitu. Nilikitafuta mpaka Bidbid sikukipata, nikaishia kumwuliza kama amefunga mizigo yake. Akasema amefunga zamani.

Ghala tena

Mbuzi nilimshusha Ansab kwa Zuwena bila maelezo, tukaenda moja kwa moja karakanani. Mizigo ya Mutua ililetwa hukohuko na dereva wa kampuni yake, aliyepaki nje na kusema anatupa nafasi kidogo, barabara ya uwanja wa ndege imejaa.

Tulifanya kazi bila kugombana, mara ya kwanza katika maisha yetu. Waya mbili ziliingia kwenye tundu mbili. Taa ndogo ya kichwa tuliibadilisha. Sanduku linataka upepo wa kulisukuma, tukavuta mpira kutoka kwenye kompresa ya mtu wa matairi, naye akaja kusimama mlangoni. Shabaha yetu tulikuwa tumeitengeneza zamani: mkanda mrefu wa turubai, unaozungushwa na mota ya mlango wa lifti, na alama moja nyekundu iliyopakwa juu yake. Ukikaa kwenye kichwa na kutazama chini, turubai inapita kama ardhi chini ya ndege. Bomu letu ni taa. Mmoja anatazama kiooni na kusema, wa pili anabonyeza kitufe, taa inawaka. Ikiwaka msalaba ukiwa juu ya alama, hesabu ni sahihi, na kazi imekwisha.

Mutua akakaa kwenye kichwa. Mimi nikashika kitufe. Akafungua upepo.

Sanduku lilitoa mlio mwembamba, halafu meno yote yale tuliyoyasafisha kwa mswaki yakaanza kusogea. Waya zikazunguka. Na kwenye kioo, msalaba wa mwanga ukainuka, ukayumba, ukatulia mahali pake. Mutua alicheka kwa sauti.

"Mzee! Muislamu mzima umezunguka Oman nzima kutafuta msalaba!"

Nilicheka nami, macho yamenijaa maji, na sikujali kwamba mtu wa matairi ananiona. Turubai ilianza kupita. Alama nyekundu ikatokea mwisho wa mkanda, inakuja.

"Inakuja," Mutua akasema. "Inakuja. Ngoja. Sasa. Bonyeza!"

Sikubonyeza.

Alama ikapita. Mutua akainua uso, akanitazama. Nikamwambia kidole kimeteleza. Alijua hakikuteleza, tumefanya kazi pamoja miaka, anavijua vidole vyangu.

"Sawa," akasema taratibu. "Turudie."

Mkanda ukazunguka. Alama ikaja tena. "Sasa," akasema, bila nguvu kama mara ya kwanza. Nami tena nikaiacha. Nje dereva akapiga honi. Hatukugeuka. Ijumaa zote zile zilikuwa chini ya kidole changu, na ningebonyeza zingekwisha.

Mara ya tatu alama nyekundu ikaja polepole kwenye turubai, msalaba ukaisubiri, ikafika katikati yake hasa. Nilingoja Mutua aseme. Alikuwa ameinamia kioo, anaiona waziwazi, na neno "sasa" hakulisema.